Kuhama kwa Utaratibu

Sisi tukaao Buhongwa, kusini ya mji wa Mwanza, tumekaa karibu na barabara kuu iendayo Usagara. Pale Usagara njia yagawanyika: moja yaenda Misungwi na Shinyanga, nyingine yaenda Kigongo, hata ng'ambo ya ziwa, Sengerema na Geita. Basi mavuno yakisha, na njia zikikauka, twaona malori yakipita yamebeba nyumba za watu: vitanda, mabati, magunia, mitungi, kuku katika tenga, na mara nyingine mama ameketi mbele karibu na dereva, amepakata cherehani yake kama mtoto. Tangu tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, limefunguliwa, wala mhamaji hangojei tena kivuko. Njia imekuwa rahisi, lakini mizigo yetu yazidi kuwa mingi. Kwa hiyo mwezi huu twataka kunena habari za kufunga vyombo kabla ya kuhama: kipi kichukuliwe, kipi kiachwe, na nani achague.

Wazee wetu walijua sana kuhama. Ardhi ikichoka, au malisho yakipungua, Msukuma aliondoka akatafuta mahali pengine, na pale alipotoka pakaitwa mahame, ama matongo. Hata leo ukipita porini ukaona minyaa imeota kwa duara, wajua kwamba palikuwa na mji wa mtu. Walichukua mifugo, mbegu, majembe, vyungu vichache na ngozi za kulalia. Katika karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walisifiwa kwa kazi ya upagazi, wakienda pwani kwa miguu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama ratili 60 hata 70, yaani kadiri ya kilo 30, na juu yake alijichukulia mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Mtu wa namna hiyo hakubeba kitu asichokijua kazi yake.

Sasa tutazame hesabu ya siku hizi. Kanuni za fidia ya ardhi za Tanzania za mwaka 2001 ziliandika kwamba mtu aondolewaye katika ardhi yake kwa ajili ya kazi ya umma, pamoja na malipo mengine, apewe gharama ya kuchukua tani 12 za mizigo kwa mwendo usiozidi kilometa 20. Jambo hili si la mbali kwetu, maana mwezi wa Juni 2021 liliwekwa jiwe la msingi la reli mpya ya Mwanza hadi Isaka, yenye kilometa 341, na kazi kubwa kama hiyo haikosi kupita katika mashamba na viwanja vya watu. Tani 12 ni mizigo ya wapagazi 400! Mtu atacheka, aseme, "Nyumbani kwangu hamna vitu hata vya wapagazi 20." Naam, na afungue stoo yake kwanza, atazame na chini ya vitanda, ndipo aseme.

Lakini kuna jambo zito kuliko wingi wa vyombo, nalo ni wakati wa kuchagua. Wazee wengi wa mikoa yetu waikumbuka Operesheni Vijiji. Mwezi wa Novemba 1973 Rais Nyerere alitangaza kwamba kukaa katika vijiji si hiari tena, na ya kuwa kazi hiyo iwe imekwisha mwisho wa mwaka 1976. Mwaka 1974 malori yalifika katika nchi ya Usukuma. Kusudi lilikuwa shule, maji na zahanati viwe karibu na watu, na vijiji vingi vilivipata. Hata hivyo katika sehemu nyingine watu waliharakishwa mno, na baadhi ya nyumba ziliezuliwa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Watu hao hawakupewa nafasi ya kuulizana kipi kiende na kipi kibaki. Lori ndilo lililoamua. Kadhalika watu wa pwani ya ziwa. Kati ya mwaka 1961 na 1964 maji yalipanda zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 yalipanda tena karibu na kiwango kile kile, nyumba zikaingiliwa. Maji nayo hayangoji mtu afunge sanduku.

Basi sisi ambao twahama kwa hiari, nasi twaijua siku kabla haijafika, tumepewa kitu ambacho wale walikikosa. Twakitumiaje? Tuseme kweli: mara nyingi twakaa tu mpaka siku mbili kabla ya lori, halafu twageuka kuwa lori la nyumba yetu wenyewe.

Twaijua habari hii kwa makosa yetu. Miaka kadhaa iliyopita tulihama kutoka nyumba ya kupanga kwenda katika nyumba tuliyoijenga, huku huku Buhongwa. Tulikuwa tumechelewa. Tukasema moyoni, sisi ndio wakuu wa nyumba, twajua chenye faida na kisicho na faida. Tukaingia stoo peke yetu, tukatoa matambara, makopo, viatu visivyo na wenzake, na kibuyu kidogo kilichopasuka mdomo. Tukavitia vyote moto nyuma ya nyumba. Jioni mama wa watoto wetu alikuwa akifunga vyombo, akauliza, "Baba, kile kibuyu kidogo cha rafu ya juu umekiweka wapi?" Tukajibu kwa wepesi, "Kile kibovu? Kimekwenda na takataka." Hakusema neno. Aliketi chini, akaacha kufunga. Ndipo tukakumbuka. Kibuyu kile ndicho alichomnyweshea uji mtoto wetu wa pili, ambaye Bwana alimtwaa akiwa na mwaka mmoja na nusu. Hatukuwa na picha yake hata moja. Tulikwenda jaani na taa, tukachakura majivu, hatukupata kitu. Na siku ile ile, wasomaji, tulipakia juu ya lori magurudumu mawili ya baiskeli iliyokufa zamani, kwa kuwa yalikuwa yetu. Yapo nyuma ya nyumba hata leo, hayajazunguka tena.

Mama wa watoto alitusamehe, lakini sisi tulijifunza kanuni ya kwanza: mwenye kitu ndiye akichague. Baba achague vya baba, mama vya mama, na bibi mzee aulizwe kwa heshima habari za sanduku lake. Hata mtoto ana vyake, apewe kikapu kimoja, aambiwe, "Vitakavyoenea humu vitakwenda." Mwenye nyumba ana haki ya kusema lori ni dogo, hana haki ya kuchoma kumbukumbu ya mwenziwe bila kumwuliza.

Kanuni ya pili: anza mwezi mmoja mbele, ukianzia stoo na kumalizia jikoni. Gawanyeni vitu mafungu manne: vya kuchukua, vya kurudisha, vya kutoa au kuuza, na vya kutupa. Kitu chenye mashaka kiwekwe kando wiki moja, kisha mwenyewe aulizwe tena. Andikeni orodha katika daftari, maana wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Fungu la kurudisha lisidharauliwe. Katika kila nyumba mna ungo wa jirani, sururu ya ndugu, kitabu cha rafiki. Virudishwe kabla ya siku ya kuondoka, na madeni ya dukani yalipwe, ili jina letu lisibaki nyuma likisemwa vibaya. Walimu na makatekista tujihadhari zaidi. Vitabu vya shule, madaftari ya majina, funguo, hata chaki, si vyombo vyetu. Vikabidhiwe kwa maandishi mbele ya shahidi, kisha twende na moyo mweupe.

Fungu la kutoa lina adabu yake. Nguo ifuliwe na kushonwa kabla ya kumpa mtu. Kile ambacho wewe huwezi kukivaa kwa kuwa kimechanika, maskini naye kitamwaibisha vile vile. Usimfanye jirani kuwa jaa lako, halafu ukahesabu kuwa ni sadaka.

Tena kuna vitu ambavyo havina kazi leo, lakini si takataka: kigoda cha babu, ngoma, vyungu na vibuyu vya zamani. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement alianza kukusanya vitu vya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, na leo watoto wetu huenda kuvitazama. Kama nyumba yako haina nafasi, mwulize ndugu wa ukoo kama atakitunza, kabla hujakitia kuni.

Sasa habari za vitu vinavyohama na sisi bila kualikwa. Wengi hushika methali isemayo akiba haiozi, wakafunga kila gunia na kila mti wa ghala kuukuu. Lakini yuko mdudu aitwaye dumuzi, ambaye watu wengine humwita Skania. Asili yake ni Amerika ya Kati, naye alitambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hula mahindi na mihogo mikavu, tena hutoboa mbao na vibuyu, akajificha humo. Basi ukichukua miti ya ghala la zamani ili kuokoa gharama, waweza kumbeba adui mpaka kwenye ghala jipya. Mahindi yaanikwe juani, yapepetwe na kuchaguliwa. Gunia lenye unga unga mwingi lisitiwe pamoja na mema. Miti iliyotobolewa ichomwe.

Mikeka na malazi nayo yatazamwe. Katika nyumba kuukuu za udongo papasi hukaa katika nyufa za sakafu na kuta, wakaweza kuishi miaka bila chakula, na mwanzoni mwa karne ya 20 waganga walithibitisha kwamba hao huleta homa ya vipindi. Hupenda kusafiri ndani ya mikeka na mizigo. Basi kila mkeka na godoro vipigwe na kuanikwa juani, mishono itazamwe kwa kunguni, mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto.

Vivyo hivyo mashina ya mihogo. Mhamaji hupenda kuchukua mbegu ya shamba lake, nalo ni jambo jema. Lakini batobato na michirizi ya kahawia hupita katika vipande vya kupanda. Shina la mmea wenye majani yaliyojikunja au yenye madoa lisichukuliwe. Tuna kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru, wilaya ya Misungwi, si mbali nasi. Yafaa kuuliza ushauri wa mabwana shamba kuliko kupeleka ugonjwa katika nchi mpya.

Karatasi ziwe na mfuko wao: vyeti vya kuzaliwa, vya ubatizo na vya ndoa, vyeti vya shule, kadi za kliniki, hati za kiwanja na risiti. Zifungwe katika nailoni, wala zisipakiwe. Mama au baba azichukue mkononi. Mafuta ya taa yasiwekwe karibu na karatasi wala chakula.

Siku ya kuondoka, vizito viwe chini na vyepesi juu, na vyungu vitiwe nguo katikati. Sufuria moja, unga kidogo, chumvi, kibiriti, taa, dumu la maji na chandarua vipakiwe mwisho, ili vishuke kwanza. Maana usiku wa kwanza watoto hawaulizi kabati liko wapi, huuliza chakula. Nao wahamao kwa maji wasilazimishe chombo kuchukua kuliko kiasi chake. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyojaa watu na mizigo kupita kadiri, ilizama karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa. Hakuna kitanda wala gunia lenye thamani ya roho moja. Chombo kikijaa, mzigo ungoje kesho.

Mwisho, nyumba unayoiacha ifagie. Ziba shimo ulilolichimba, zima moto wa jaani, mwachie ajaye maji katika mtungi kama waweza. Pita kwa majirani ukawaage, wala usiondoke usiku kama mwenye deni. Halafu baba na mama wasimame pamoja katika chumba kitupu, wazunguke mara moja, wakiulizana kwa sauti: "Je, kuna chako kilichosalia?" Swali hili ni fupi, lataka dakika chache tu. Sisi hatukuliuliza siku ile, na ndiyo sababu tumeliandika hapa, ili ninyi mlioko katika safari ya kuhama mwulizane mapema, kabla ya moto kuwashwa na kabla ya lori kufika.