Gome la Muwati, Gundi ya Mgunga: Dawa za Kutu Kutoka Shambani

UKIPITA mtaa wa Munyaka, jijini Eldoret, hukosi kuwasikia mafundi wa jua kali wakichomelea mageti na madirisha. Chuma ni riziki yao, lakini pia ni hasara ya mwenye nyumba. Geti lililomeza mshahara wa mwezi mzima huweza kuanza kumeguka baada ya misimu michache ya mvua. Adui ni kutu.

Penye asidi, chuma huliwa kwa kasi zaidi. Nayo asidi i karibu nasi: imo katika betri za magari na katika baadhi ya dawa za kusafishia vyoo. Viwandani, vyuma huoshwa kwa asidi ili kuondoa kutu na magamba kabla ya kupakwa zinki. Shida ni kuwa asidi ikishamaliza kutu haitosheki. Huanza kukila chuma chenyewe.

Je, itazuiwaje? Zamani hata misombo ya arseniki ilitumiwa, ingawa ni sumu kali. Hata hivyo, jikoni nako kulikuwa na dawa. Mnamo 1872, Marangoni na Stefanelli walitumia gundi, jelatini na pumba kupunguza ulaji wa chuma katika asidi.

Vitu kama hivyo huitwa polima asilia. Polima ni mnyororo mrefu wa vipande vidogo, mfano wa shanga zilizotungwa uzini. Wanga wa muhogo ni polima, na gundi ya mgunga vilevile, ile inayogemwa Turkana, Samburu na Isiolo. Mnyororo huo una sehemu nyingi zenye oksijeni, na baadhi zina naitrojeni, ambazo hunata juu ya chuma. Mnyororo ukilala hapo, hufunika chuma mithili ya blanketi, na asidi hukosa mahali pa kuuma.

Eldoret ina historia yake katika jambo hili. Kwa miaka mingi kampuni ya EATEC ilikuza miwati kandokando ya mji, na gome lake likatoa tanini ya kutengenezea ngozi. Tanini hiyo hiyo hushikamana na kutu na kuigeuza kuwa utando wa rangi ya samawati iliyokolea, karibu nyeusi.

Mwanafunzi anaweza kujipimia katika maabara ya shule, mwalimu akiwapo. Chukua misumari miwili inayofanana, isiyopakwa zinki, na uipime uzito. Tia kila mmoja katika asidi hafifu ya kiasi kimoja, lakini chombo kimoja kitiwe gundi kidogo. Kesho yake ioshe, ikaushe, uipime tena. Tuseme msumari usio na gundi umepoteza gramu 0.50, na wenye gundi gramu 0.10. Gundi imeokoa gramu 0.40 kati ya 0.50, yaani asilimia 80.

Tahadhari: mimina asidi ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya asidi. Usiweke moto karibu pia, kwani hewa ya haidrojeni inayotoka huwaka.

Dawa hizi zina udhaifu wake. Joto likizidi, nyingi huachia chuma. Asidi yenyewe huweza kuukatakata mnyororo, na zikiwekwa muda mrefu huota ukungu. Tena gundi ya mti mmoja si sawa na ya mwingine, jambo linalowasumbua wenye viwanda wanaotaka kipimo kisichobadilika.

Kwa hivyo, mpenzi msomaji, usikimbilie kulipaka geti lako uji wa muhogo! Kazi ya dawa hizi ni ndani ya asidi, mvua itaziosha. Geti lataka kusuguliwa kutu, kupakwa rangi ya msingi, kisha rangi ya juu. Akuuziaye gundi badala ya rangi anakuibia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na usipopaka rangi mapema utanunua geti jipya.