Bia ya kopo, ladha ya baa: unaigaje bia uipendayo?

Tuseme umeonja Landlord, bia ya kampuni ya Timothy Taylor's kutoka Keighley, Uingereza, ukaipenda. Ni eli, yaani bia inayochachuka kwenye joto la wastani, tofauti na laga inayotaka baridi. Ukanunua kopo la kutengenezea bia nyumbani, ukafuata maelekezo yote. Wiki kadhaa baadaye unaonja: nyepesi kama maji, harufu hakuna! Umekosea wapi?

Hujakosea. Maelekezo ya kopo yanalenga bia rahisi na nafuu, siyo Landlord.

Hebu tuangalie ndani ya kopo. Kimea unakijua kutoka kwenye mbege: nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa. Hapa ni cha shayiri. Kiwandani hukiloweka kwenye maji moto, wanga ukageuka sukari, wakachemsha na maua ya hopsi yanayoleta uchungu, halafu wakapunguza maji mpaka ikabaki rojo nzito kama asali. Una mambo matatu ya kubadilisha.

Sukari. Kopo la kilo 1.7 kwa kawaida linataka kilo 1 ya sukari na maji hadi lita 23. Hamira hula sukari ya mezani karibu yote, ikabaki pombe tu. Kimea kina sukari ambazo hamira haizimalizi, na hizo ndizo zinazoipa bia uzito mdomoni. Basi weka kilo 1 ya kimea cha unga badala ya sukari. Kilevi kitapungua kidogo, kwa hiyo ishia lita 20. Haidromita itasoma kama 1.044 mwanzoni na 1.011 mwishoni. Zidisha tofauti kwa 131: unapata asilimia 4.3, sawa na Landlord ya pipa.

Harufu. Mafuta ya hopsi yenye harufu hupotea na mvuke wakati wa kuchemsha. Uchungu ndio unaobaki. Irudishe harufu: siku nne kabla ya kujaza chupa, tumbukiza gramu 30 za Styrian Goldings, mojawapo ya hopsi za Landlord, kwenye mfuko safi wa kitambaa.

Hamira. Hii hutoa esta, kemikali zenye harufu ya matunda. Tumia hamira ya eli ya Kiingereza, nyuzi 18 hadi 20. Mimi ndoo yangu ya kwanza niliiweka karibu na hita, nikidhani joto litasaidia. Bia ilinuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha! Joto likizidi, esta nazo huzidi.

Sasa tahadhari: usijaze chupa mpaka haidromita isome namba ileile siku tatu mfululizo. Hamira ikiendelea kula ndani ya chupa, gesi hujaa na chupa inaweza kupasuka. Vioo vinavyoruka siyo mchezo.

Na usibadilishe yote matatu kwa mpigo, hutajua kipi kimesaidia. Badilisha moja, tengeneza, onja. Kisha mpe rafiki glasi tatu bila kumwambia kitu: mbili za Landlord, moja yako. Aitafute iliyo tofauti. Akibahatisha tu, atapatia mara moja kati ya tatu. Rudia na marafiki wengi, ukibadilisha mpangilio wa glasi. Wakipatia kila mara, rudi kwenye ndoo.