Zinki ya Nguruwe Ipimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwaonye wafugaji wenzangu juu ya jambo lililonigharimu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mbozi, na mshahara wangu nauongezea kwa kufuga nguruwe. Mwaka jana niliwaachisha ziwa watoto tisa wa nguruwe wakiwa na wiki nne. Siku ya tatu wakaanza kuhara. Muuza duka mmoja akaniuzia unga mweupe wa zinki katika mfuko usio na maandishi, akasema, "Mwalimu, tia tu, watapona." Nikatia kikombe kizima katika gunia la chakula la kilo 50. Kuhara kulikoma, nami nikaendelea kuwapa kwa wiki tano. Wakasusa chakula, wakadhoofu, na wanne wakafa.

Bwana mifugo alipofika aliuliza neno moja tu: "Ulipima?" Niliona haya, maana vipimo ndivyo ninavyofundisha.

Alinieleza kwamba zinki husaidia kujenga ukuta wa utumbo, lakini ikizidi kwa muda mrefu humnyima mnyama madini ya shaba na kumwondolea hamu ya kula. Mtoto wa nguruwe anahitaji kama miligramu 100 za zinki katika kila kilo ya chakula. Kwa gunia la kilo 50 hizo ni gramu 5 tu, hesabu ya mtoto wa darasa la sita! Kiasi kikubwa, kama miligramu 2,500 kwa kilo, kilikuwa dawa ya kuhara iliyotolewa kwa wiki mbili tu. Hata hiyo nchi za Umoja wa Ulaya ziliikomesha Juni 2022, kwa kuwa zinki nyingi hutoka na mavi, hulundikana udongoni, na huchangia vijidudu kuzoea dawa. Na sisi samadi hiyo twaipeleka katika mashamba ya mahindi.

Siku hizi nawaachisha ziwa wakiwa na wiki sita, banda likiwa kavu na maji safi. Zinki naipima kwa mizani.

Naomba wanaohusika wawabane wauza dawa za mifugo waandike kwa Kiswahili, juu ya kila mfuko, kiasi na idadi ya siku. Nasi wafugaji tusikubali kununua unga usio na jina.

Mwalimu Mfugaji,
Mbozi, Songwe.