VOLANI INATETEMEKA WAKATI WA FRENI: TUTAFUTE UGONJWA KWANZA

Katika ukurasa huu tunataka kueleza ugonjwa mmoja wa gari ambao wengi wanauona, lakini wachache wanajua unatoka wapi. Gari inakwenda vizuri. Shofere anakanyaga freni, na mara moja volani inaanza kucheza mikononi mwake. Akiachilia freni, inatulia. Wengine wanasema, "Ni barabara tu." Wengine wanakimbia kununua vyuma vipya. Wote wawili wanaweza kupoteza: wa kwanza anaweza kupoteza maisha, wa pili atapoteza feza.

Kwetu jambo hili si dogo. Fizi iko juu mlimani na Baraka iko chini kando ya ziwa. Gari inayoshuka imebeba magunia, na juu ya magunia wanakaa watu. Katika mteremko ule freni ndiyo uhai wetu.

KWA NINI INATETEMEKA?

Tuanze na baiskeli, maana kila mtu anaijua. Rimu ikigonga jiwe na kupinda kidogo, ukishika freni unasikia inashika, inaachia, inashika, inaachia, mara moja kwa kila mzunguko. Basi, gari ni vilevile.

Gari nyingi za leo zina diske katika magurudumu ya mbele. Diske ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na plakete mbili zinaibana huku na huku. Nyuma, gari nyingi zina tambure, ambayo ni kama sufuria inayozunguka, na viatu vya freni vinaisukuma kutoka ndani. Njia zote mbili ni za zamani. Mwaka 1902 Mwingereza Frederick Lanchester alipata hati ya uvumbuzi wa freni ya diske, na mwaka uleule Mfaransa Louis Renault alitengeneza freni ya tambure.

Diske ikiwa na unene sawasawa pande zote, plakete zinaibana kwa nguvu moja. Lakini ikiwa nene hapa na nyembamba pale, nguvu inapanda na kushuka kwa kila mzunguko, na magurudumu ya mbele yanapeleka mtikisiko mpaka kwenye volani. Unene ukipita kwa milimita 0,02 tu, mkono unaweza kusikia. Unywele wa kichwa ni mnene kupita hapo! Ndiyo sababu macho peke yake hayatoshi.

Watu husema, "Diske imepinda kwa moto." Mara nyingi si hivyo. Mara nyingi diske haikukaa sawa tangu ilipofungwa, kwa sababu kutu au mchanga ulibaki nyuma yake, ao bulo za gurudumu zilikazwa upande mmoja kuliko mwingine. Basi inazunguka ikiyumba kidogo, inagusa plakete mahali palepale hata bila freni, na pole pole mahali pale panalika. Kwa hiyo ugonjwa unaonekana baada ya kilomita elfu kadhaa, wakati kila mtu amesahau siku ya kufungwa.

MASWALI MATATU

Kabla ya kushika ufunguo, tuulize maswali haya kwa utaratibu.

1. Je, inatetemeka hata bila freni? Kama ndiyo, tusilaumu freni kwanza. Simamisheni gari, mwangalie bulo za magurudumu, maana bulo iliyolegea inaweza kuangusha gurudumu zima. Kisha oshe magurudumu. Wakati wa mvua matope yanaingia ndani ya janti, yanakauka upande mmoja, na gurudumu linakosa uzito sawa. Angalieni pia kama mpira umevimba ao janti imepinda. Jaribio hili lifanywe mahali barabara ni tambarare na imara, kwa mwendo uleule, mara moja bila freni na mara moja na freni. Kwenye mashimo kila gari inacheza, hutajua kitu.

2. Inatetemeka wapi? Ikiwa ni volani, tuelekee magurudumu ya mbele. Ikiwa ni kiti na sakafu, ao pedali peke yake, tuangalie tambure za nyuma, labda zimepoteza mviringo. Watu wengine hujaribu kwa kuvuta freni ya mkono pole pole, gari ikienda taratibu mahali pasipo na watu. Lakini Land Rover za zamani zisijaribiwe hivyo, kwa sababu freni yao ya mkono inashika shafti, siyo magurudumu, na inaweza kuvunja kitu. Tena, katika gari zenye ABS, pedali kupigapiga mguuni unapokanyaga kwa nguvu penye utelezi si ugonjwa. Ndiyo kazi ya mtambo ule.

3. Inaanza wakati gani? Kama ni tangu asubuhi, freni zikiwa baridi, diske imelika vibaya. Kama ni baada ya mteremko tu, tazama kama gurudumu moja lina moto kuliko mwenzake. Usiguse! Leta mkono karibu tu, utasikia. Gurudumu lile huenda plakete zake zimekwama kwa vumbi na matope, haziachii diske.

KUTAZAMA KWA MKONO

Sasa fundi anainua gari kwa kriki, mahali tambarare, mawe yamewekwa kwenye magurudumu mengine, na kigogo imara chini ya gari. Kriki peke yake isiaminiwe.

Anashika gurudumu juu na chini, analitikisa. Likicheza, gololi za katikati zimelegea, ao viungo vya kuningʼiniza gurudumu vimelika. Anashika kushoto na kuume, anatikisa tena. Likicheza, ni viungo vya volani. Viungo vilivyolika haviumbi mtikisiko huu, lakini vinaukuza: kosa dogo la diske linakuwa tetemeko kubwa.

Halafu anaondoa gurudumu, anarudisha bulo ili diske ikae imara, na kuizungusha. Asiye na saa ya kupimia anaweza kufunga waya imara, ncha yake karibu kabisa na diske bila kuigusa. Nafasi ikipanuka na kupungua, diske inayumba. Basi aitoe, asafishe kutu na mchanga nyuma yake kwa brosi ya chuma, airudishe, apime tena. Mara nyingine kazi inaisha hapo bila kununua kitu. Lakini mtu anayefunga diske mpya juu ya kutu ya zamani amenunua ugonjwa uleule.

Kama diske imelika, ibadilishwe ao ichongwe pamoja na ya upande wa pili, na isichongwe kupita kipimo cha mwisho, ambacho kwa kawaida kimeandikwa kwenye diske yenyewe. Bulo zikazwe kwa mfano wa nyota, ya huku kisha ya kule, pole pole, na zikazwe tena baada ya safari fupi.

KUSHUKA MLIMA

Wanafunzi wa fizikia, hesabuni. Gari ya kilo 3000 ikishuka mita 100 za wima inaleta kazi ya 3000 x 9,8 x 100, ndiyo karibu juli milioni 2,9. Moteri isiposaidia, karibu zote zinakuwa joto ndani ya freni. Joto hilo lingefikisha lita 9 za maji ya digrii 25 kwenye kuchemka. Na mlima wetu hauna mita 100 tu!

Kwa hiyo shofere mwenye akili anaingiza vitesi ndogo kabla ya mteremko, si katikati. Anakanyaga freni kidogo, anaachilia, zipumue. Akifika chini hakai akikandamiza freni zenye moto, wala haingizi gari katika mto ili kuzipoza haraka.

Na pedali ikianza kulainika na kuzama, hiyo si habari ya kutetemeka tena. Mafuta ya freni huenda yanachemka. Simama mara moja, ungoje zipoe kabisa, kisha zitazamwe na fundi.

Nasi abiria tuna kazi. Kijana anaweza kuuliza kwa heshima, kabla ya kupanda, siyo katikati ya kona: "Papa shofere, tunaona volani iko nacheza ukishika freni. Fundi alishaangalia?" Shofere mwema hatakasirika. Na akijibu kwamba ataangalia baada ya safari hii, tungoje gari ingine.