UKOKA: RAFIKI UWANJANI, ADUI SHAMBANI



Mvua ikinyesha, maji hutiririka kati ya nyumba zetu na kuchukua udongo. Jua likiwaka, uwanja wa watoto huwa vumbi tupu. Dawa moja haina bei, nayo ni ukoka. Ukiwa umetoka Busia au Tororo unaujua, maana hutambaa kando ya njia na viwanjani pande zote mbili za mpaka. Lakini kabla hujaupanda, soma kwanza.

KWA NINI HAUFI?

Ukoka una mashina yanayotambaa juu ya ardhi na mengine chini yake. Kila kifundo kikigusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi. Ukikanyagwa, ukiliwa na mbuzi au ukikauka kiangazi, chakula kilichohifadhiwa chini huufanya uchipue tena. Usichokiweza ni kivuli.

JINSI YA KUUPANDA

1. Ngoja mvua. Upande wa Busia na Tororo mvua kubwa huanza mwezi wa Machi.
2. Lainisha udongo kwa jembe.
3. Kata mashina yawe vipande vya urefu wa shubiri moja, kila kimoja kiwe na vifundo vitatu au zaidi.
4. Fukia vifundo viwili, acha ncha nje, kisha kanyaga. Acha futi moja kati ya mstari na mstari.
5. Penye mteremko, mistari iukate mteremko ili izuie maji.
6. Watoto wasicheze hapo mpaka ukoka ufunike ardhi yote.

MAHALI PASIPOFAA

Usiupande karibu na shamba. Wakenya waliovuka mpaka mwaka 2008 walipokewa Mulanda, wilayani Tororo, kisha wengi wakahamishiwa Kiryandongo, ambako familia ziligawiwa vipande vya ardhi vya kulima. Mwenye kipande kidogo hana mstari wa kupoteza. Ukoka ukiingia kwenye mahindi au mihogo michanga, hunyang'anya maji na rutuba, na mavuno hupungua.

UKIWA UMESHAINGIA

Usiukatekate kwa jembe na kuuacha shambani, kwa sababu kila kipande ni mche mpya. Wakati wa kiangazi chimbua kwa jembe la meno, kusanya mashina yote ya chini, uyaanike juani mpaka yakauke kabisa. Mvua ikirudi, panda viazi vitamu. Majani yake hufunika ardhi, na kivuli hicho huudhoofisha ukoka uliobaki. Rudia kung'oa kila unapochipua.

KUMBUKA

Ukoka haujui mpaka. Unaoupanda leo uani kwako, kesho utakuwa kwenye maharagwe ya jirani, na ugomvi utaanza. Zungumza naye kwanza. Kama ni uwanja wa wote, lipelekeni jambo kwenye mkutano wa wakazi, mkubaliane ukoka utaishia wapi na nani atakata kingo zake kila wiki.