Kiti Kisicho na Karatasi ya Kura

Siku ya uchaguzi mkuu, mpiga kura wa kata ya Ijumbi, wilayani Muleba, hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Kiongozi wa Kambi Rasmi ya Upinzani Bungeni, ambaye pale Dodoma huitwa KUB, hayumo katika hata moja. Cheo chake hutokana na hesabu inayopigwa matokeo yakishatangazwa. Kanuni za Kudumu za Bunge zimeweka kiwango: wapinzani wasipofikia asilimia 12.5 ya wabunge wote, hakuna kambi rasmi. Katika Bunge la watu 393, hiyo ni sawa na wabunge 50. Wakiwa 49, kiongozi wao ni mbunge kama wabunge wengine.

Kagera imewahi kumtoa mtu wa kiti hicho. Wilfred Lwakatare aliingia bungeni mwaka 2000 kwa tiketi ya CUF akiwa mbunge wa Bukoba Mjini, na katika Bunge lile akaongoza kambi ya upinzani. Wasomaji wengi wangetarajia sura hii imhusu Freeman Mbowe, aliyekishika cheo hicho kuanzia 2010 hadi 2020. Nimemchagua Lwakatare kwa sababu misukosuko yake inaonyesha vizuri zaidi cheo hiki kimeegemea wapi.

Wanaoshangaa Bukoba kumpeleka mpinzani Dodoma wanasahau kwamba watu wa huko walianza zamani kubishana na wakubwa. Mwaka 1937, enzi za Mwingereza, Buhaya ilichafuka kwa sababu ya masharti ya kilimo cha kahawa, na Klemens Kiiza na chama chake cha wakulima walikuwa tayari wanataka kuuza mazao bila kupitia mikono ya wengine. Siasa za kule bado zinanukia kahawa.

Lakini kambi aliyoikuta Lwakatare ilikuwa nyembamba. CCM ilikuwa imechukua majimbo 202 kati ya 231. Yaliyobaki ni 29: CUF 17, TLP 4, CHADEMA 4, UDP 3 na NCCR-Mageuzi 1. Tena ngome ya CUF ilikuwa Pemba. Katika mgogoro wa kisiasa wa Zanzibar, uliozaa pia mauaji ya Januari 2001, wabunge wa CUF kutoka Pemba walisusia vikao hadi wakapoteza viti, na uchaguzi mdogo wa kuvijaza ukafanyika Mei 2003. Mbunge wa kando ya Ziwa Victoria akawa anaongoza kambi ambayo kwa kipindi kirefu sehemu kubwa ya watu wake haikuwa ukumbini.

Kazi yenyewe ni ipi? KUB huteua mawaziri vivuli, kila mmoja akiikodolea macho wizara yake. Wakati wa bajeti, waziri akishasoma hotuba yake na kamati ikatoa maoni, msemaji wa upinzani husimama kusoma ya kwake. Alhamisi, kwenye maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, utaratibu ulioanza enzi za Spika Samuel Sitta, KUB hupewa nafasi ya kwanza akitaka kuuliza. Kuna pia silaha ndogo ambayo hata mbunge wa chama tawala anayo: kushika shilingi. Mbunge asiyeridhika na jibu la waziri hutoa hoja ya kuondoa shilingi moja katika mshahara wa waziri huyo, na hapo waziri hulazimika kusimama tena kujieleza.

Chukua butura, ambayo mkulima wa Ijumbi hahitaji kuelezwa. Mtu ana ada ya shule au mgonjwa hospitalini, anaiuza kahawa ikingali maua mtini kwa bei ya kutupa, na mavuno yakifika si yake tena. Diwani analisema suala hilo kwenye baraza la halmashauri, mbunge analipeleka Dodoma. Mbunge wa CCM anaweza kulisema kwa ukali wote, ila bajeti ikifika mwisho chama chake humtarajia aseme ndiyo. Waziri kivuli wa kilimo hafungwi na hilo. Hana fedha wala amri, ila maneno yake yanaingia katika kumbukumbu rasmi za Bunge, na waziri anajua atayajibu mbele ya kamera.

Mwaka 2005 Khamis Kagasheki wa CCM alilichukua jimbo la Bukoba Mjini. Lwakatare hakuondolewa na kambi yake wala na Spika. Aliondolewa na wapiga kura wa mji mmoja, na cheo cha taifa zima kikaondoka pamoja na ubunge wake. Uongozi wa upinzani ukahamia kwa Hamad Rashid Mohamed wa Wawi, Pemba.

Naye hesabu ilimgeuka 2010. CHADEMA ilipata majimbo 23, moja pungufu ya CUF, lakini viti maalumu hugawanywa kwa kufuata kura za nchi nzima, na hapo ikafika wabunge 48 dhidi ya 36. Ilitosha kuunda kambi peke yake, na ikafanya hivyo. Wapinzani wengine walilalamika, na kamati mbili za kukagua hesabu, ambazo huongozwa na upinzani, zikaenda kwa John Cheyo wa UDP na Augustino Mrema wa TLP, kila mmoja akiwa mbunge pekee wa chama chake kutoka jimboni.

Lwakatare alikuwa amehamia CHADEMA, akawa mkurugenzi wake wa ulinzi na usalama. Machi 2013 alikamatwa na kufunguliwa mashtaka ya ugaidi. Mahakama Kuu iliyafuta Mei mwaka huo. Mwaka 2015 alimshinda Kagasheki na kurudi bungeni, safari hii akiwa mbunge wa kawaida chini ya Mbowe. Mwaka uliofuata, 10 Septemba 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 likaubomoa mji wake, na mjadala wa nani ajenge nyumba za waliopoteza kila kitu ukaendelea hadi Rais Magufuli alipofika Januari 2017 na kusema serikali haitawajengea wananchi nyumba.

Mei 2020, wakati wa korona, CHADEMA iliwaagiza wabunge wake wasiingie bungeni. Lwakatare aliingia, na chama kikamvua uanachama pamoja na wenzake watatu. Kwa Katiba yetu ubunge umefungwa kwenye kadi ya chama: anayeipoteza kadi anaupoteza ubunge. Bunge lenyewe lilibakiza wiki chache tu.

Uchaguzi wa Oktoba 2020 uliiacha CHADEMA na jimbo moja, Nkasi Kaskazini, na kiti cha KUB kikabaki kitupu. Wanawake 19 walioapishwa Novemba kwa viti maalumu, akiwemo Conchesta Rwamlaza wa Kagera, walivuliwa uanachama na chama chao, lakini wakaendelea kukaa bungeni. Kamati mbili za hesabu zilihitaji wenyeviti wa upinzani, na wakapatikana humohumo: Naghenjwa Kaboyoka akaongoza ya hesabu za serikali, Grace Tendega ya serikali za mitaa, ile inayopitia vitabu vya halmashauri zote, ya Muleba ikiwemo.