Orodha ya makampuni ya ushauri: nani anaingia, nani anabaki inje



Wengi wetu, tukiisha kupata lisansi, tunatafuta majina ya kabineti za ushauri kusudi tutume CV. Tunafungua Wikipedia, tunakuta orodha ndefu ya makampuni yanayoshauri wakubwa wa biashara na serikali, na swali linakuja palepale: mbona za kwetu hazimo? Mimi ni mtu wa agronomia, huwa narekebisha makala za mimea mule ndani, na siku hizi naangalia pia orodha za aina hii. Acha nieleze namna inapangwa, juu tunailaumu pasipo sababu na tena tunaiamini pasipostahili.

Kwanza, mlango. Sheria ya ensiklopedia ile inasema wazi kwamba yenyewe haiko kitabu cha anwani na namba za simu. Kampuni haiingii juu tu iko na biro na muhuri. Inaingia juu watu wengine, wasiolipwa nayo, wameiandika kwa kirefu: magazeti, vitabu, utafiti. Tovuti yake yenyewe haihesabiwi, na tangazo halihesabiwi. Katika orodha nyingi za makampuni, jina lisilokuwa na makala yake linaondolewa bila maneno mengi.

Pili, jina lenyewe. Hapa njo naona kazi yangu ya shamba. Haragwe moja linaweza kuitwa hivi kwenye soko moja, na vingine kabisa kwenye soko la ngambo ya mlima. Ukihesabu majina, utasema una mbegu tatu, kumbe ni moja. Hata wataalamu wanabadilisha: nyanya iliitwa Lycopersicon esculentum, leo ni Solanum lycopersicum, lakini jina la zamani halikutupwa, linakuelekeza kwa jipya. Makampuni ya ushauri ni vilevile, na pengine zaidi. Booz Allen Hamilton ilizaliwa Chicago mwaka 1914. Mwaka 2008 ikagawanyika: upande wa kazi za serikali ukabaki na jina, upande wa biashara ukaitwa Booz & Company. Huu wa pili ukanunuliwa na PwC mwaka 2014, leo ni Strategy&. Andersen Consulting ikawa Accenture tarehe 1 Januari 2001. Monitor Group, ya 1983, ilifilisika mwishoni mwa 2012, na Deloitte ikaichukua mwaka uliofuata. Sasa tuhesabu ngapi?

Mimi nasema hivi: iliyo hai iandikwe mara moja, kwa jina la leo. Jina la zamani lielekeze pale habari yake inaposimuliwa. Iliyokufa iwekwe sehemu yake pamoja na miaka yake, isifutwe. Mtu akishika ripoti ya 1999 iliyosainiwa Andersen Consulting, atajua vipi ni nani kama tumefuta?

Tatu, mpango. Wengine wanapenda kupanga kwa ukubwa, mwenye pesa nyingi juu. Siipendi. McKinsey, kwa mfano, haiko kwenye soko la hisa, kwa hiyo hesabu zake hazitolewi kama za kampuni yenye hisa sokoni, na orodha inageuka mashindano. Heri alfabeti, pamoja na safu za mwaka, mji na aina ya kazi. Safu ya mwaka peke yake inafundisha: Arthur D. Little 1886, iliyoanzishwa na mkemia, McKinsey 1926, na profesa wa uhasibu, BCG 1963, Bain 1973, na watu waliotoka BCG.

Turudi kwetu. Rafiki mmoja wa kabineti ndogo, wanaofanya tafiti nzuri za kahawa kwa ONG, aliniomba niwaingize. Nilimwambia wataondolewa, na kwamba tangu 2014 anayelipwa kuandika mule lazima atangaze nani anamlipa. Shida yao haiko mule. Ripoti zao zinalala ndani ya kabati za ONG, hakuna anayeziandika. Gazeti nalo likija, tunajua wote habari ya "coupage": anayeandikwa njo anamlipa mwandishi. Habari ya namna ile haiwezi kuitwa ushahidi wa mtu wa inje.

Kwa hiyo tusisome orodha ile kama palmares ya shule. Inaonyesha nani ameandikwa, haionyeshi nani anafanya kazi vizuri. McKinsey imo, na ni yenyewe iliyokubali mwaka 2018 kurudishia Eskom, kampuni ya umeme ya Afrika Kusini, karibu randi bilioni 1. Kabineti ya rafiki yangu haimo, na sijasikia mteja akiidai franga zake.

Dada mmoja wa uchumi ameniuliza kama memwari yake juu ya kabineti za mji wetu inaweza kutumika kama ushahidi. Memwari ya lisansi, kwa kawaida hapana. Tezi ya udaktari iliyokubaliwa na jury, ndiyo. Makala katika revue ya chuo, iliyosomwa na wataalamu wengine kabla ya kutoka, ndiyo tena vizuri zaidi. Kwa hiyo nimemwomba akate memwari yake, aifanye kurasa kumi na tano, aitume kwa revue. Walio na sura nzuri juu ya jambo hili ndani ya memwari zao, wafanye vilevile.